Pampu inasema 45, skrini inasema 38: niamini ipi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina boti ya kuvuta watu wa kuteleza majini, injini ya petroli ya silinda nane yenye injekta, imefungwa ndani ya boti. Tunaitumia watu watatu: mmoja anapenda ski, mwingine wekibodi, ule ubao mmoja unaofungwa miguuni, na mimi napenda mchezo wa wimbi, ule wa kuachia kamba na kuteleza nyuma ya boti. Mafuta tunachangia, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Skrini inasema tumetumia lita 38, nikienda kujaza pampu inaingiza 45. Safari iliyofuata skrini 52, pampu 55. Halafu 41 na 48, kisha 60 na 64, mwisho 47 na 54. Geji ya tangi nayo siielewi: inakaa robo tatu asubuhi nzima, halafu inaporomoka ghafla. Je, ninunue mita ya kupima mtiririko wa mafuta? Na nitajuaje kama yaliyobaki yanatosha kunifikisha upande wa pili wa ziwa na kunirudisha?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nikushukuru kwanza kwa kuandika namba. Wengi huniambia tu kwamba "boti inakula sana", nami nikiuliza inakula kiasi gani, hakuna jibu. Namba zako tano zinatosha kujibu karibu kila ulichouliza, hata huo ugomvi.

Kwa kifupi: skrini yako si mbovu, geji yako ndivyo ilivyoumbwa, na mita usinunue kwa sasa. Kipimo cha kweli unacho tayari, nacho ni pampu ya kituo cha mafuta. Unachokosea ni kuisoma safari moja moja, wakati inatakiwa isomwe kwa jumla.

Tuanze na skrini, maana wengi hudhani kuna kifaa ndani ya bomba kinachohesabu petroli inavyopita. Hakuna. Kwenye boti kama yako skrini haijawahi kuiona petroli. Inachopata ni hesabu kutoka kwenye kompyuta ya injini. Kila injekta ni kama bomba dogo linalofunguka na kujifunga kwa muda wa sehemu za elfu za sekunde. Kompyuta ndiyo inayolifungua, kwa hiyo inajua limekaa wazi kwa muda gani. Kiwandani imeelezwa kwamba injekta ya aina hii, kwa presha hii, hupitisha kiasi hiki. Inazidisha muda kwa kiasi, inazidisha kwa idadi ya injekta na kwa mizunguko ya injini, kisha inakuletea lita kwa saa.

Ni hesabu nzuri sana, ila imejengwa juu ya dhana. Presha ya petroli ikiwa juu kidogo ya ile iliyodhaniwa, kila tone linalotoka ni kubwa kuliko linaloandikwa, na skrini itapunja. Injekta zikianza kuziba, mambo yanageuka: kwenye injini yenye sensa ya oksijeni kompyuta inagundua kwamba mchanganyiko umekuwa na hewa nyingi, inaongeza muda wa kufungua ili kufidia, na huo muda wa nyongeza inauandika kama petroli zaidi ingawa kilichopita ni kilekile. Hapo skrini itazidisha. Kwa hiyo kosa linaweza kuelekea upande wowote. Jambo la kufurahisha ni kwamba kwa boti moja likishaelekea upande mmoja huwa linakaa hukohuko. Saa ya ukutani iliyo nyuma dakika tano kila siku inakufaa vizuri, mradi ujue iko nyuma tano.

Sasa chukua namba zako. Ukigawa pampu kwa skrini kila safari peke yake, unapata 1.18, kisha 1.06, 1.17, 1.07 na 1.15. Ukiziangalia hivyo utakata tamaa: mara skrini imepunja asilimia 6, mara asilimia 18. Lakini zigawe kwa jumla, yaani kila mara ujumlishe zote zilizotangulia. Baada ya safari ya kwanza ni 45 kwa 38, sawa na 1.18. Baada ya mbili ni 100 kwa 90, yaani 1.11. Baada ya tatu, 148 kwa 131, 1.13. Baada ya nne, 212 kwa 191, 1.11. Baada ya tano, 266 kwa 238, nayo ni 1.12. Unaona inavyotulia? Skrini yako inapunja kwa takriban asilimia 12, daima. Ikikuambia 50, zidisha kwa 1.12 uandike 56. Hiyo ndiyo namba ya boti yako, na boti ya jirani itakuwa na yake.

Kwa nini basi safari moja moja ziruke vile? Jibu liko pale unapojaza. Simama karibu na mdomo wa pampu siku moja usikilize. Petroli inaingia, hewa inatoka kwenye tundu la kupumulia ubavuni mwa boti kwa sauti ya mluzi mdogo, povu linapanda kwenye shingo ya tangi, na mdomo wa pampu unajikata: tak. Unasubiri sekunde kumi povu lishuke, unaminya tena, zinaingia lita mbili nyingine, tak. Ukiminya mara ya tatu huenda ikaingia moja zaidi. Sasa leo umeacha kwenye "tak" ya kwanza kwa sababu kuna foleni, wiki ijayo umeenda hadi ya tatu. Umeshatengeneza tofauti ya lita tatu, na wala injini haihusiki. Zaidi ya hapo kuna mlalo wa boti. Ikiwa kwenye trela na omo, yaani pua ya boti, imeinuliwa, mfuko wa hewa unanaswa kwenye kona ya juu ya tangi. Ikiwa imefungwa gatini na watu wanne wamekaa ubavu mmoja, unanaswa kona nyingine. Na kama jana ulimwaga farumi, yale maji ya uzito mnayopakia kwenye mifuko ili kuizamisha tezi, yaani nyuma ya boti, na leo hukuyamwaga, tangi limelala tofauti kabisa.

Tofauti ya lita tatu kwenye safari ya lita 40 ni zaidi ya asilimia 7. Tofauti hiyohiyo kwenye jumla ya lita 400 haifiki hata asilimia moja, kwa sababu kosa la kujaza halijumlishwi. Ulichokosa kujaza leo utakijaza kesho. Ndiyo maana jumla inatulia hata kama hukuwa mwangalifu. Wazee wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Mafuta nayo ni hivyo: zungukia skrini, geji na makadirio yote unayotaka, mwisho utarudi kwenye kile kilichoingia tangini.

Hata hivyo uangalifu kidogo utakupunguzia miezi ya kusubiri. Jaza mahali palepale, kwenye pampu ileile ikiwezekana, boti ikiwa imekaa vilevile. Kwenye trela, weka pimamaji sakafuni na ushushe au uinue gurudumu la mbele la trela hadi tone la hewa likae katikati. Farumi zote ziwe tupu. Acha kwenye "tak" ya kwanza, kila siku, bila kurudia. Usijaribu kufika shingoni. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto. Iliyotoka kwenye matangi ya chini ya ardhi ikiwa ya baridi, ikakaa juani ndani ya boti yenye lita 150, itaongezeka lita moja na nusu na zaidi, na ikikosa nafasi itatoka kwenye tundu la kupumulia na kuingia majini. Huo ni uchafuzi, na pia ni petroli uliyoilipia ambayo daftari lako litadai injini imeinywa.

Kama kituo kiko mbali na unajaza kwa madumu, usiamini mstari uliochorwa kwenye dumu. Dumu la lita 20 huweza kupokea zaidi ya 20 ukilijaza hadi juu. Lipime kwa mizani ya kuning'iniza kabla na baada ya kumimina, uchukue tofauti. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740, ingawa hubadilika kidogo kwa aina na msimu, kwa hiyo gawa kilo kwa 0.74. Kilo 14.8 zilizopungua ni lita 20. Na tafadhali, dumu lijazwe likiwa chini ardhini, si ndani ya boti wala nyuma ya gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, huteremka na kulala ngamani, na cheche moja ya stata inatosha. Ukishajaza, fungua kifuniko cha injini unuse, kisha washa feni ya kutoa mvuke kwa dakika nne kamili kabla ya kugusa ufunguo. Nimeshaitwa kwenye boti ambayo hilo lilirukwa, na sitaki kuitwa tena kwenye kazi ya namna hiyo.

Geji ya tangi sasa. Ndani ya tangi kuna mkono wenye boya, au fimbo wima yenye boya linalopanda na kushuka. Boya likihama, ukinzani wa umeme unabadilika: kwenye mfumo wa Kimarekani huwa omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likiwa limejaa; kwenye ule wa Kiulaya 10 likiwa tupu na 180 likiwa limejaa. Kinachopimwa hapo ni kimo cha petroli mahali pamoja. Ujazo haupimwi. Tangi lako limetengenezwa lijipenyeze chini ya sakafu kufuata umbo la boti, na mara nyingi chini ni jembamba na juu ni pana. Nusu ya kimo basi si nusu ya lita. Sehemu ya juu ina mafuta mengi, kwa hiyo sindano inashuka polepole. Ukishafika kwenye wembamba inaporomoka. Ndicho unachokiona asubuhi zako. Ongeza hapo kwamba mnapocheza na wimbi omo iko juu, tezi imezama, na boti imelalia ubavu mmoja makusudi. Petroli yote imekimbilia kona moja. Sindano wakati huo inakuonyesha mteremko wa boti, haikuonyeshi mafuta, kwa hiyo usiisome kabisa.

Ukitaka kuitiisha, inawezekana kwa asubuhi moja. Subiri tangi liwe karibu tupu, weka boti sawa kwa pimamaji, halafu mimina lita 10 kwa 10 na kila mara uandike sindano iko wapi. Bandika jedwali hilo karibu na usukani. Sindano ikisema nusu, macho yatashuka kwenye karatasi na kukuta, kwa mfano, lita 58 na si 75. Baadhi ya skrini hukuruhusu kuingiza namba hizo ndani ya mipangilio ya tangi, na hapo geji yenyewe inaanza kusema kweli, walau boti ikiwa imetulia.

Kitu kingine ukikague humohumo kwenye mipangilio. Skrini nyingi huonyesha "mafuta yaliyobaki", lakini namba hiyo ni ujazo wa tangi ulioingizwa na mtu, ukatolewa hesabu ya injekta. Ukibonyeza "nimejaza" wakati umeongeza lita 30 tu, itaamini tangi limejaa hadi utakapokwama. Na kama yule aliyeingiza ujazo aliandika namba ya tangi la modeli nyingine, umerithi kosa lake. Angalia kibandiko kilicho kwenye tangi lenyewe, ulinganishe.

Tuje kwenye ugomvi wenu. Nahisi mnagombana kwa sababu kila mmoja anatumia kipimo kinachomfaa. Mwenye ski atasema boti hupimwa kwa kilomita kama gari. Wewe wa wimbi utasema kwa saa. Tuchukue namba za mfano tu. Wimbi linatengenezwa boti ikienda kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Tuseme 17, ikinywa lita 20 kwa saa. Kwa kilomita ni lita 1.2 hivi. Ski iende kilomita 50 kwa saa ikinywa lita 30 kwa saa. Kwa kilomita ni lita 0.6. Kwa hiyo kwa kilomita wewe ndiye mlaji, mara mbili yake; kwa saa mlaji ni yeye. Nyote mna haki na nyote mnapotoshana.

Sababu yake ni ya kimaumbile, na kwa kweli ni nzuri kuijua. Kwenye mwendo wa ski boti imepanda juu ya maji, inateleza. Kwenye mwendo wa wimbi haijapanda na wala haielei tu. Inapanda kilima cha maji kilichotengenezwa na omo yake yenyewe na haikimalizi, huku imebeba pengine tani moja ya farumi. Nguvu yote hiyo inakwenda kwenye kusukuma maji juu. Wimbi unalochezea limetengenezwa kwa petroli, na likiwa zuri zaidi limekula zaidi. Kilomita kwa hiyo haina maana kwenye boti ya kuvuta. Hata mkitaka kupima mpito mmoja mmoja mtachoka bure: njia ya slalomu ya mashindano, ile ya kuteleza ukizunguka maboya, ina mita 259 kutoka lango la kuingia hadi la kutokea, na kwa kilomita 58 kwa saa inapitwa kwa sekunde 16 na kidogo. Injini inayonywa lita 40 kwa saa itatumia hapo chini ya robo lita. Hakuna kifaa mtakachofunga kikaigawa robo lita hiyo kwa haki.

Gaweni hivi. Kila mtu anapoingia majini, anayeendesha aandike namba ya "mafuta yaliyotumika" kwenye skrini, na anapotoka aandike tena. Mwisho wa siku jazeni tangi. Halafu lita za pampu, zile mlizolipia, zigaweni kwa uwiano wa namba za skrini. Tuseme skrini imempa mwenye ski 12, wa wekibodi 9, wewe 6, na 9 zilitumika kwenda, kurudi, kuzunguka kumfuata aliyeanguka na kungoja watu wavae maboya. Jumla ni 36. Pampu imeingiza 40. Kila lita ya skrini ni lita 1.11 za kweli. Mwenye ski ana 13.3, wa wekibodi 10, wewe 6.7, na zile 9 za wote zimekuwa 10, kila mmoja 3.3. Basi mwenye ski anadaiwa lita 16.7, wa wekibodi 13.3, na wewe 10. Ukijumlisha unapata 40 kamili, haikubaki hata tone la kugombania.

Angalia kilichotokea hapo: hatukuhitaji skrini iwe sahihi. Ikipunja, imempunja kila mtu kwa kiwango kilekile, na kosa linajifuta lenyewe kwenye mgawo. Usahihi wake si uleule kabisa katika kila mwendo, kwa sababu injekta inayofunguka kwa muda mfupi mno injini ikiwa silensa, yaani inawaka tu bila kuisukuma boti, huhesabika vibaya kidogo kuliko ile inayofanya kazi nzito. Lakini tofauti hiyo inaangukia zaidi kwenye zile lita za wote.

Kuhusu mita ya mtiririko: ni kifaa kizuri mahali pake. Ndani kuna kigurudumu chenye mapezi kinachozungushwa na petroli inayopita, na kila mzunguko hutoa mapigo ya umeme yanayohesabiwa. Kwenye injini ya zamani yenye kabureta, isiyo na kompyuta ya kukuambia lolote, ningekuambia nunua leo. Bomba ni moja, presha ni ndogo, kila kinachopita kinachomwa. Kwako wewe napinga. Injini nyingi za injekta zina njia ya kurudisha petroli iliyozidi. Ikiwa inarudi hadi tangini, mita moja itahesabu petroli ileile mara nyingi, na utahitaji ya pili kwenye njia ya kurudi ili utoe moja kwa nyingine. Hapo makosa madogo ya mita mbili yanakuwa kosa kubwa la tofauti. Na ikiwa pampu yako iko ndani ya tangi na bomba linalotoka lina presha kubwa, ya karibu ba 4, mita za kawaida hazikutengenezwa kwa presha hiyo. Kiungo kikifunguka, petroli inapulizwa juu ya injini ya moto. Hata upande wa kufyonza, kila kiungo unachoongeza ni mahali papya pa kuvuja au pa kuingiza hewa, na kigurudumu kile, kikikwama kwa taka, kinabana njia. Ukija kuifunga siku moja kwenye boti nyingine, iwe baada ya kichujio, mpira uwe ule uliothibitishwa kwa petroli ya boti, na bado utalazimika kuirekebisha kwa pampu ya kituo kwa hesabu ileile niliyokuonyesha. Kwa hiyo ungelipa ili urudi hapa ulipo.

Kile ambacho ningependa ununue ni daftari. Tarehe, saa za injini, lita za pampu, lita za skrini, farumi ilikuwa kiasi gani, mlicheza nini. Saa za injini uzichukue kwenye kompyuta ya injini, kwa sababu kwenye boti za zamani kile kisaa cha dashibodi huhesabu hata ufunguo ukiwa umefunguliwa kwa ajili ya muziki tu, na kitakufanya uone boti inakunywa kidogo kuliko kweli.

Daftari hilo litakusaidia kwa jambo ambalo hukuniuliza. Kuna boti niliyoihudumia kwa misimu kadhaa, na mwenyewe aliandika bila kuruka. Michezo ilikuwa ileile, watu walewale. Ilikuwa lita 21 kwa saa kwa muda mrefu, ikawa 22, kisha 25. Injini ilinguruma vizuri, hakuna moshi, hakuna taa ya onyo, na wengine wote walimwambia petroli ya siku hizi imekuwa mbaya. Skrini na pampu zilipanda pamoja, uwiano wao haukubadilika, kwa hiyo nilijua injekta na presha viko sawa na kwamba injini kweli inafanya kazi zaidi. Niliingia chini ya tezi boti ikiwa juu ya trela, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kila panga la propela. La kwanza laini, la pili laini, la tatu kidole kikakwama: ncha ilikuwa imejikunja kwa upana wa ukucha. Ilikuwa imegusa kitu chini ya maji na mtikiso wake ulikuwa mdogo, umezoeleka. Propela ikanyooshwa, wiki iliyofuata daftari likaandika 21.

Basi soma namba zako mbili kwa pamoja namna hiyo. Lita kwa saa zikipanda huku uwiano wa pampu na skrini umebaki 1.12, tafuta kinachoizuia boti: propela, uchafu uliogandia chini, farumi ambayo haikumwagika yote, maji yaliyojaa ngamani. Uwiano wenyewe ukihama, tafuta kwenye mfumo wa mafuta.

Limebaki lile la upande wa pili wa ziwa. Chukua ujazo wa tangi, tuseme lita 150, na uitoe sehemu ya kumi ya chini kana kwamba haipo. Mrija wa kufyonzea hauifikii yote, na boti ikiinama unaweza kufyonza hewa mapema zaidi; isitoshe, pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli hiyohiyo, ukiiacha kavu inaungua. Zinabaki 135. Theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi, ni ya upepo wa mbele na ya kumvuta mwenzako aliyeharibikiwa. Kwa hiyo ya kwenda ni lita 45. Shika mwendo wako wa safari, farumi ikiwa tupu, usome skrini ikitulia: ikisema lita 27 kwa saa, zidisha kwa 1.12, ni 30. Una saa moja na nusu ya kwenda. Mkifika kule mkataka kucheza, lita za mchezo zitoke kwenye hiyo 45, yaani mwende karibu zaidi. Zisitoke kwenye theluthi ya akiba.

Ukishajaza mara nyingine tano, rudia hesabu ya jumla kwa hizo tano mpya peke yake. Kama 1.12 imevuka 1.17 au imeshuka chini ya 1.07 na hujabadilisha chochote kwenye ujazaji wako, niandikie, lakini kwanza mwambie fundi aliye karibu nawe apime presha ya petroli injini ikiwa silensa na ikiwa kwenye mzigo, uniletee namba zote mbili.